Kraken: mnyama ambaye hayupo ila ratiba yake ya kula inajulikana

Shikamooni wazee wangu, mama zangu poleni na shughuli, vijana mambo vipi. Nimeambiwa nina nusu saa na wengi wenu hapa alfajiri mnashusha vyombo, kwa hiyo salamu ziishie hapo tuingie kwenye kazi. (Hii nimeiandika vile vile nilivyoongea siku ile hapa Tanga, sijaipiga pasi.)

Leo nawaletea habari za mnyama ambaye hayupo. Anaitwa kraken, kwao Norway, kule juu kabisa Ulaya. Vijana najua mshamjua, yuko kwenye magemu na kwenye muvi, ni lile lipweza linakumbatia meli linaivunja katikati huku mabaharia wanapiga mayowe. Huyo wa muvi naomba mumuweke pembeni kwanza, baadae tutaona nani alituletea. Mimi nimevutiwa na yule wa kwanza, yule wa wavuvi, maana yule alikuwa na tabia zake zinazojulikana, ana msimu wa kula na msimu wa kwenda haja, anakaa kina gani, samaki gani wanamfuata, akianza kupanda wewe ufanye nini. Ukiwasikiliza unaona kabisa mtu anaongelea ng'ombe wake.

Sasa linganisheni na chunusi wetu. Kila mtoto wa pwani katishwa na chunusi, usiogelee saa saba mchana, usiende kule kwenye mkondo peke yako, chunusi atakuvuta. Lakini hebu muulize bibi, chunusi anazaa lini? Siku ambayo hajapata mtu anakula nini? Hamna jibu, utaambiwa nyamaza. Chunusi kazi yake kuwaweka watoto mbali na maji mabaya na kazi hiyo anaifanya vizuri kuliko bango lolote la serikali, simsemi vibaya. Ila kraken wa wavuvi hakuwa wa kutisha watoto. Walikuwa wanamvizia ili wavue juu yake.

Aliyeyaandika haya vizuri ni Erik Pontoppidan, askofu wa Bergen, mji wa bandari upande wa magharibi wa Norway, enzi hizo nchi iko chini ya mfalme wa Denmark. Kitabu chake cha maumbile ya Norway kilitoka 1752 na 1753, juzuu mbili, 1755 kishatafsiriwa Kiingereza. Yeye mwenyewe kraken hajawahi kumuona, anasema wazi habari kazitoa kwa wavuvi na kilichomshangaza ni kwamba wavuvi wote maelezo yao yanafanana.

Sikilizeni basi. Siku ya joto, bahari imelala, watu wamepiga makasia maili kadhaa kutoka nchi kavu, wakitazama alama zao za bara wanajua hapa walipo pana pima 80 mpaka 100, pima moja ni kama mita mbili kasoro. Si ndo mnavyofanya nyinyi, unapanga mnazi na mnara wa simu vikae mstari mmoja unajua upo kwenye mwamba wako? Haya, wanashusha mshipi, chubwi, ile risasi ya kuuzamisha, inagota pima 20. Au 30. Na samaki ni wa kumwaga, ndoana haijatulia ishavutwa. Hapo hakuna anayeuliza, wanajua yupo chini, na hata walipokuwa wakiona mwenzao karudi na chombo kimejaa walikuwa wanasema huyo leo kavulia juu ya kraken. Wanaendelea kuvua lakini mtu hasahau kupima kina. Kina kikibaki palepale, raha tupu. Kikianza kupungua, yaani ile sakafu inapanda, hapo hakuna cha samaki tena, wanashika makasia wanavuta kwa nguvu zote mpaka wafike kwenye kina chao cha kawaida, halafu wanatulia kuangalia.

Baada ya muda mfupi anatokea. Mwili wote hautokei, unaona tu kama visiwa vidogo vimezungukwa na kitu mfano wa mwani unaelea, samaki wadogo wanarukaruka juu yake wanateleza kurudi majini, kisha inasimama mikono, mingine mirefu kama milingoti. Anakaa kidogo, anazama. Na hatari waliyokuwa wanaisema ni hiyo ya kuzama, kwamba maji yanazunguka na kuvuta kila kilicho karibu. Hajakimbiza mtu, hajavunja jahazi. Kuna sentensi moja tu inasema inasemekana mikono ile kama ingeshika hata manowari kubwa ingeishusha chini, na hapo nawaomba mlisikie hilo "kama".

Mgongo wake sasa. Pontoppidan kaandika mzunguko wake ni maili moja na nusu ya Kiingereza, kama kilomita 2.4 hivi. Cheki mnavyocheka, na mna haki ya kucheka. Mimi nadhani mtu aliyekuwa anaonyesha kwa mkono "kuanzia pale mpaka pale" alikuwa anaonyesha eneo la maji lililojaa samaki, aliyekuja kuandika ofisini akaligeuza kuwa mgongo.

Tuje kwenye chakula, hapo ndo penyewe. Wavuvi wazee walimwambia askofu kwamba kraken kuna miezi anakula tu, kuna miezi mingine anatoa tu uchafu, na akiutoa maji yanabadilika rangi yanakuwa mazito, harufu yake samaki wanaipenda sana wanakusanyika kutoka kila upande wanakaa juu yake, basi anafungua mikono anawakumbatia anawameza wageni wake, wanakuwa uchafu wa kuwavutia wenzao. Yaani anatengeneza chambo mwenyewe kwa samaki aliowala. Mtu hakai nyumbani akabuni kitu kama hiki kwa ajili ya kutisha watu, hii ni akili ya mvuvi kabisa, mvuvi kaona maji yamechafuka, kaona samaki wamejaa kwenye yale maji, akatafuta sababu.

Na si jambo la karne ya 18 tu. Kuna kitabu cha Norway cha katikati ya karne ya 13, baba anamjibu mtoto wake maswali ya dunia, humo kuna kiumbe cha baharini anaitwa hafgufa. Anafanya hivyohivyo, anacheua chakula, samaki wanafuata harufu wanaingia wenyewe kwenye mdomo ulio wazi, mdomo ukijaa anafunga. Tena yule baba anasema anavyodhani wapo wawili tu na hawazaani, kwa sababu wangekuwa wengi kama samaki wengine chakula cha baharini kisingewatosha. Jamani hiyo karne ya 13! Mtu anapiga hesabu ya mlaji na chakula chake, jambo ambalo mimi nalifundisha kidato cha tatu na nusu ya darasa imelala.

Miaka inakwenda, watu wanasema hizo ni hadithi. Halafu mwaka 2011 huko Canada, kisiwa cha Vancouver, watafiti wakaona nyangumi wa nundu anafanya kitu ambacho hawajawahi kukiandika. Hakimbizi samaki. Anasimama tu karibu na uso wa maji kafungua mdomo, vidagaa vilivyokuwa vinakimbia ndege vinaona pale ni pa kujificha, vinaingia, vikishaingia anafunga. Ghuba ya Thailand nako nyangumi wa aina nyingine wameonekana hivyohivyo, kichwa juu, taya chini, dagaa wanatiririka ndani wenyewe. Mwaka 2023 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, wakachukua yale maandishi ya zamani ya hafgufa wakayaweka sambamba na video za nyangumi, wakasema huyu ndiye. Kwa hiyo yule mnyama wa ajabu alikuwa nyangumi anakula chakula chake cha mchana, na waliomuona walimuelezea sawasawa karibu miaka mia nane kabla ya wenye kamera.

Hawa nyangumi wa nundu mnawajua, ndo wanaopita Watamu na Kizimkazi kuanzia mwezi wa saba. Ila huku wanakuja kuzaa na kutafuta wenza, kula kwao ni kule kusini kwenye barafu, ndo maana wazee wetu hawana hadithi ya mdomo ulio wazi.

Na ile sakafu inayopanda je? Hapa nawapa wazo langu, mnaweza kulikataa. Wakati wa vita kuu ya pili, Wamarekani walikuwa wanapima bahari kwa sauti, unapiga sauti chini inarudi, unajua kina. Wakawa wanapata sakafu mita mia tatu, mia nne, mahali ambapo kina ni cha maelfu ya mita. Na usiku ile sakafu inapanda! Mwaka 1945 mtaalamu mmoja wa Scripps, taasisi ya utafiti wa bahari kule California, Martin Johnson, akasema hizo ni jamii za wanyama, wakachunguza, kweli, ni tabaka la samaki wadogo na ngisi na uduvi, mabilioni, mchana wanashuka usiku wanapanda, na wanarudisha sauti kama vile ni ardhi. Sisemi ndicho kilichowapata wa Norway, chubwi ya risasi inapita katikati ya samaki bila shida. Ila nasema hivi, jeshi la wanamaji lenye mashine lilipata sakafu inayotembea likaamini ni sakafu, halafu mvuvi wa mwaka 1750 tumcheke?

Kuna tukio jingine Pontoppidan kaliweka ambalo watu hulipita haraka. Mwaka 1680 kule Alstahaug, kaskazini mwa Norway, kraken mdogo, askofu anasema labda kijana asiye na uzoefu, aliingia kwenye mlango mwembamba wa bahari kati ya majabali, mikono yake mirefu ikakwama kwenye miti ya ukingoni na kwenye nyufa za mawe, akashindwa kutoka. Akafia pale. Akaoza mpaka njia ile haipitiki kwa uvundo. Hakuna shujaa, hakuna mkuki, mnyama kakwama kanuka. Mimi nikisoma hivyo naamini kulikuwa na kitu pale. Mnyama mwenye mikono mirefu, laini, anayeoza vibaya.

Sasa yule wa kuzamisha meli. Huyu ni wa Mfaransa, Pierre Denys de Montfort, mtaalamu wa konokono na jamii zake, kati ya 1801 na 1802 akaandika kuna pweza wa kutisha, tena aina mbili. Alikuwa na picha ya kanisani Saint-Malo iliyowekwa na mabaharia kuweka nadhiri, walidai pweza aliwavamia pwani ya Angola akapandisha mikono hadi juu ya milingoti. Angeishia hapo sawa. Yeye akaongeza kwamba kundi zima la meli za kivita zilizopotea mwaka 1782 zilivutwa na mapweza usiku mmoja, wakati waliokuwepo walijua zilipigwa na dhoruba. Wasomi wakamcheka mpaka jina lake likafa, naye akafa Paris fukara. Ubaya ni kwamba aliondoka na wavuvi wote, kwa miaka hamsini ukisema ngisi mkubwa mbele ya wasomi unaonekana wewe ni yeye. Msomi kaongeza chumvi, mvuvi ndo kaitwa muongo, hilo ndo limenileta hapa leo na ndo linaniuma.

Maana ngisi alikuwepo. Mwaka 1853 mmoja alitupwa na maji Aalbæk, Denmark. Watu wakamkata wakafanya chambo, na nyinyi mngefanya hivyohivyo msinitazame. Kilichosalimika ni mdomo. Nyinyi mnaosafisha ngisi nyumbani mnaujua, kile kitu cheusi kigumu unachokibinya kikatoka katikati ya mikono, unakitupa kwa paka na paka hakitaki. Wa huyu ulikuwa mkubwa kupita kiasi, na Japetus Steenstrup, profesa wa Copenhagen, kwa mdomo huo na mabaki mengine ya aina hiyo, mwaka 1857 akampa mnyama jina la kisayansi, Architeuthis. Bado watu hawakutaka. Mwaka 1861 meli ya jeshi la Ufaransa, Alecton, ilimkuta mmoja juu ya maji karibu na Tenerife, wakampiga risasi, wakamfunga kamba, kamba ikateleza mpaka mkiani ikamkata, wakabaki na kipande cha mkia. Nahodha akaandika ripoti, Paris wakaguna.

Waliofunga mjadala ni wavuvi tena. Kisiwa cha Newfoundland, Canada ya leo, Oktoba 1873, watu wawili na mtoto wa miaka kumi na mbili wakagusa kitu kinaelea, kikawashika na mashua, yule mtoto akachukua shoka akakata mikono. Mkono mmoja, kipande cha karibu mita 6, ukafika kwa mchungaji Moses Harvey wa St. John's. Mwezi uliofuata wavuvi wengine wakamnasa mzima kwenye wavu, Harvey akamnunua dola 10, akampeleka nyumbani, akamtandaza juu ya fito ya pazia la bafu akapiga picha. Mkewe alisema nini haijaandikwa.

Huyo halisi basi ni yupi. Jike kubwa linafika mita 12 au 13 ukihesabu na ile mikono miwili mirefu, na hiyo mikono ndiyo inakula urefu wote, mwili wenyewe mita 2 na kidogo. Mioyo mitatu, damu ya bluu, ubongo umezunguka koo kwa hiyo akimeza donge kubwa linapita katikati ya ubongo, ndo maana anakatakata kwanza. Jicho sentimita 27, mpira wa mechi una kama 22. Kwa nini jicho lote hilo kwenye giza? Mwaka 2012 Dan-Eric Nilsson wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, na wenzake walipiga hesabu wakasema ni kwa ajili ya kumuona adui, nyangumi mkubwa mwenye meno akipita gizani anasumbua vijidudu vinavyowaka, ngisi anaona ule mwanga wa mbali, zaidi ya mita 100, anaondoka. Yaani huyu mla meli wa picha, maisha yake ni kukimbia asiliwe.

Kumuona akiwa hai kulekule kwake kilindini ikachukua mpaka 2004. Tsunemi Kubodera na Kyoichi Mori wa Japani waliwafuata wale nyangumi wenye meno visiwa vya Ogasawara, wakashusha kamera na chambo mita 900. Mshipi na ndoana, tena! Ngisi akaja, mkono ukanasa, akapambana zaidi ya masaa manne kamera inapiga tu, zaidi ya picha 500, mwishoni akajikata akaondoka, ukabaki mkono wa mita 5.5 na vikombe vyake bado vinang'ang'ania. Walidhani huyu mnyama ni mzembe anaelea tu, kumbe alishambulia chambo. Mwaka 2012 wakashuka na chombo chenyewe wakamrekodi, na Edith Widder, mama mmoja wa Marekani, aliona kwamba taa kali ndo zinamfukuza, akatumia taa nyekundu ambayo ngisi haioni na kijitaa cha bluu kinachozunguka kama kijidudu kinachowaka. Karabai kwa ngisi mnaijua zamani, sina cha kuwafundisha hapo.

Maswali yalikuwa mengi, naweka mawili. Mzee mmoja kauliza, analiwa? Hapana mzee wangu, mwili wake umejaa chumvi ya amonia, ndo inayomfanya aelee bila kuchoka, ukimpika utanusa choo. Kijana kauliza kama na huku yupo. Mwaka 2013 walipima vinasaba vya ngisi hawa kutoka bahari mbalimbali wakakuta ni aina moja tu dunia nzima, na 2020 mmoja alitupwa na maji Britannia Bay, Afrika Kusini. Kati yetu na Pemba panashuka mamia ya mita. Kwa hiyo nawaomba kitu, siku mkipata ngisi anayewashinda kubeba, hata kaoza, msimkate chambo kwanza. Mpigeni picha mtu kasimama pembeni, mpimeni kwa ugwe mkate ugwe palepale mwisho wa mkono mrefu, toeni ule mdomo utieni kwenye spiriti au chumvi nyingi, paka asipewe, halafu nipigieni. Namba yangu mnayo.